Gari la Kumpeleka Mama Bomet

Tangu siku ya Idi kuna jambo linalozungumzwa nyumbani kwetu kila tukutanapo, nalo si siasa wala mahari: ni gari gani litakalompeleka mama Bomet mwezi wa Agosti. Mjukuu wake, binti ya dada yangu, ameolewa huko katika vilima vya chai vya Konoin, na kwa majaliwa yake Mola anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza mwezi huo. Mama ana umri wa miaka 78. Amekwisha kutangaza kwamba kitukuu huyo atapakatwa na yeye kabla ya mtu mwingine yeyote wa upande wetu. Lakini pia alitangaza, tena mbele ya mashahidi, kwamba gari lililompeleka kwenye harusi hatalipanda mara ya pili.

Baadhi ya watu wa nyumbani walisema ni baridi ya Kericho iliyomchosha, na kwamba kiti ni kisingizio tu. Mama hana desturi ya visingizio. Alishona kanzu na buibui za watu kwa zaidi ya miaka 40, na aliieleza kasoro ya kiti kile kama aelezavyo kasoro ya nguo: wapi kunabana, wapi kunavuta, na ni nani aliyepimiwa.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa magari haya hutoka wapi. Hushushwa melini mbele ya macho yetu, yakiwa yametumika Japani, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye umri uliozidi miaka minane, yadi zetu hubadilisha aina za magari kila mwaka kama maduka ya nguo. Dalali hulinadi gari kwa hesabu ya viti: hili la watu watano, lile la saba, lile la wanane. Hesabu hiyo ni sahihi. Viti vipo na mikanda ipo. Lisilotajwa yadini ni kwamba kiti cha pili na kiti cha saba si kitu kimoja, ijapokuwa huuzwa kwa jina moja. Na kwamba gari linapojaa, yuko mtu fulani, na karibu kila mara ni yule yule, ambaye huinama na kwenda kukaa nyuma kabisa.

Safari ya harusi tulikwenda na Toyota Wish ya kaka yangu. Sisi wa Mombasa tulishuka kwenye treni Nairobi, naye akatupokea hapo kwa safari ya kiasi cha kilomita 260 hadi Kericho kwa njia ya Nakuru. Ami yetu, ambaye mguu wake mmoja haukunjiki, aliwekwa mbele kando ya dereva, wala hakuna aliyepinga. Katikati alikaa wifi yangu na mtoto mchanga wa kunyonyesha, pamoja na dada na binti yake mdogo. Zikabaki nafasi mbili nyuma. Mama hakungoja kuambiwa. Alisema, "Mimi na wewe tutakwenda huko," akanishika mkono, tukaingia.

Wish ni gari jema. Li jepesi, halili mafuta, na watu wanne hukaa humo kwa raha. Safu yake ya tatu iliundwa kwa watoto na kwa mwendo mfupi, na ukiikagua utaona sababu. Waundaji walitaka gari lenye umbo la chini kama saluni lakini lichukue watu saba, na mahali palipobakia pa kutia viti viwili vya mwisho ni juu ya magurudumu ya nyuma. Hapo sakafu imenyanyuka na dari imeshuka, basi kiti nacho hakina budi kulala chini. Mtu mzima akikaa, mapaja yake hayagusi mto wa kiti. Magoti hupanda kuelekea kifuani, na uzito wote wa mwili hushukia kifandugu. Kijana wa miaka kumi hana habari na jambo hilo. Kwa mwanamke mwenye magoti yaliyokwisha kulika, kilomita 260 katika mkao huo si safari ya raha hata kidogo.

Kisha kuna mrusho. Kila mtu amewaona watoto juu ya pembea ya ubao: aliyekaa katikati hahisi kitu, waliokaa ncha ndio hupanda na kushuka. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kadiri magurudumu ya mbele yanavyokuwa mbali na ya nyuma, na kadiri mtu anavyokaa kati yake, ndivyo anavyotulia. Wish ina mita 2.75 kutoka gurudumu hadi gurudumu, ambayo si haba. Lakini safu ya tatu haimo ndani ya mita hizo, imo kwenye ncha. Kila tuta tuliloliruka tangu Gilgil lilipigwa hesabu mgongoni kwa mama.

Hayo yote hakuyalalamikia. Lililoniuma mimi ni jingine. Tuliposimama Nakuru kuswali adhuhuri, ili sisi wawili tutoke ilibidi watu wa katikati washuke wote, mtoto aliyekuwa amelala aamshwe, na kiti kikunjwe. Mama alitoka, akatia udhu, akaswali kwa kukaa, akarudi. Baada ya hapo kila tuliposimama alisema, "Nendeni tu, mimi sina haja." Nilikuja kugundua karibu na Kericho kwamba chupa yake ya maji ilikuwa imejaa kama alivyoinunua. Hakunywa tangu Nairobi, ili asije akawasumbua watu.

Tulipita njia panda ya Londiani jua likielekea magharibi. Wasomaji wengi wanakumbuka kwamba jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilishindwa kusimama hapo, likawavamia wachuuzi, wapita njia na magari, wakafariki watu zaidi ya 50. Ndani ya gari kila mtu alinyamaza. Mama alikuwa akisoma kimoyomoyo. Mimi niligeuka nyuma bila kutaka, nikaona kwamba baina ya visogo vyetu na kioo cha mlango wa buti hapakuwa na upana wa viganja viwili vya mkono.

Marehemu baba alikuwa karani katika ghala la chai Shimanzi. Mnada wa chai uliletwa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na tangu hapo jina la Kericho halijapata kuwa geni kwa watu wa pwani. Limeandikwa juu ya masanduku na magunia tuliyokuwa tukipishana nayo njiani kwenda chuoni. Mara chache kazi ilimpeleka baba huko juu, na mwaka 1985 alimchukua mama. Walipanda Peugeot 504 ya safari, ile yenye safu tatu. Mama huisimulia safari hiyo mpaka leo, na katika masimulizi yake chai ina nafasi ndogo kuliko kiti. Anasema kilikuwa laini kama godoro la pamba na kirefu, kikibeba paja zima. Nimetazama vipimo vya gari hilo: lile la safu tatu lilikuwa na mita 2.9 kati ya magurudumu, kupita magari mengi ya familia ya leo, na springi nne za mviringo nyuma, mbili kila upande. Wafaransa walilitengeneza kwa ajili ya barabara mbaya, nalo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975. Kwa hiyo kumbukumbu ya mama ina ushahidi, ingawa ni haki kukumbuka pia kwamba mwaka huo magoti yake yalikuwa na miaka 38.

Baada ya harusi ilitupasa kwenda tena kuwatembelea wakwe, kama desturi itakavyo. Mama alikataa. Badala yake alinipa utepe wake wa kushonea na akaniagiza: "Nenda ukanikalie." Maana yake ni kwamba nikae kila mahali ambapo yeye angekaa, nipime, nimletee majibu. Nikawa mtu wa kuvua viatu na kuingia nyuma ya magari ya watu nikiwa na utepe shingoni.

Safari hiyo tulikodi Toyota Noah Nairobi, ya umbo lile lililoanza kutoka mwaka 2014, yenye viti saba. Ipo nyingine ya wanane, na dalali atakushauri hiyo kwa kuwa ina kiti cha ziada. Nakushauri usimsikilize. Katika ile ya wanane safu ya katikati ni benchi moja lililoziba njia. Katika ile ya saba ni viti viwili vilivyoachana, na baina yake kuna ujia ambao mtu hupita kwenda nyuma bila kumwamsha yeyote. Ule upungufu wa kiti kimoja ndio unaomwezesha mzee wa safu ya tatu kunywa maji yake.

Sakafu ya Noah hii imeshushwa na ni sawa tangu mbele hadi nyuma. Mlango haufunguki kwa kutanuka bali husukumwa kando, basi mtu huweza kugeuka, kukalia ukingo wa kiti kwanza, kisha akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine, huku ameshika mshikio wa nguzo. Nilipima kimo cha kiti cha nyuma kutoka sakafuni: kilipungua vidole vichache tu kutimia kile cha kiti cha mezani nyumbani kwetu. Mto wake ni mwembamba, hilo lazima liandikwe, kwa sababu viti hivyo vimeundwa viweze kukunjwa na kuinuliwa ubavuni. Nilikalia foronya iliyojazwa sufi tangu Naivasha hadi Kericho, na niliteremka nikiwa mzima. Kati ya magurudumu ina mita 2.85. Peugeot ya baba inaizidi kwa upana wa vidole vitatu.

Mzigo nao una lake. Watu wa pwani hatuendi kwa wakwe mikono mitupu. Tulichukua halwa, achari, nazi 20 na mikeka miwili. Katika Wish, viti vyote vikikaliwa, buti hubaki ufa, na vitu vyote huishia mapajani na miguuni, yaani hasa kwenye miguu ya walio nyuma. Katika Noah nafasi nyuma ya safu ya mwisho ni nyembamba lakini inakwenda juu, basi nazi zilipangwa kama matofali. Na wifi yangu, ambaye mtoto wake bado ananyonya, aliweza kukaa pembeni, akavuta pazia la dirisha na kujistiri bila kujifunika shuka zito katika joto la gari lililofungwa vioo kwa mvua. Maana Kericho hunyesha alasiri baada ya alasiri, mara nyingine mvua ya mawe, na abiria wa nyuma asiyepata hewa hutapika kabla hajapata nafasi ya kusema. Noah ina matundu ya hewa darini mpaka nyuma. Mwanangu, ambaye hutapika hata katika feri ya Likoni, alifika salama.

Pale Litein tunapoiacha barabara kuu kuingia upande wa Mogogosiek, siku moja nilipanda Probox pamoja na mama mkwe wa binti yetu, tukitoka sokoni. Probox ndiyo gari la nchi hiyo. Iliundwa mwaka 2002 kubeba mizigo, mita 2.55 kati ya magurudumu, springi ngumu, na kiti cha nyuma kilichosimama wima na chembamba ili kikunjwe kupisha magunia. Ni ya watu watano. Siku ile ilitupakia tisa. Mama mkwe, ambaye wajukuu humwita kogo, alikaa nusu juu yangu, nusu juu ya kabeji, na akanieleza habari za familia yote bila kupumzika hadi tulipofika.

Tuliteremka mbele ya kituo cha kununulia majani ya chai. Lori la kiwanda lilikuwa limesimama. Nilimwomba mume wa binti yetu anionyeshe ndani, nikakuta kwamba magunia ya majani mabichi hayakurundikwa. Yametundikwa kwenye ndoana, moja moja, kwa safu, hewa ikipita baina yake. Akanieleza kwamba jani likibanwa hupata joto na kuanza kuharibika kabla halijafika kiwandani, na chai yake haitapata bei nzuri mnadani kwetu Mombasa. Ndiyo maana mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, huyaweka kikapuni bila kuyashindilia, na lori huyabeba yakining'inia. Kogo alikuwa kando akijinyoosha kiuno. Alisema kwa Kiswahili chake, "Majani yamepanda lori zuri kuliko sisi," na wakulima waliokuwa wakipimiwa wakacheka sana.

Sasa nifike kwenye Prado, kwa sababu ndiyo aliyoitaka kaka. Ameuza Wish na anataka gari la kwendea bara. Hoja yake ina nguvu: kilomita za mwisho kwenda kwa wakwe ni barabara ya udongo mwekundu inayopanda baina ya mashamba ya chai, na ikinyesha, Noah huserereka kama sabuni. Safari ile tulikwama, na jirani mmoja mwenye Prado akaja kutuvuta, kisha akatupeleka juu mzigo na watu. Ndani mlikuwa na utulivu, mashimo hayakusikika, nami nilikalia kiti cha katikati kwa heshima zote.

Lakini nilikuwa na agizo. Tulipofika nilimwomba ruhusa nikaenda safu ya tatu. Prado imejengwa juu ya fremu ya chuma, na ekseli nzima ya nyuma hupanda na kushuka chini ya sakafu. Kwa hiyo sakafu iko juu sana, na kiti cha mwisho kimekaribia kuwa zulia. Nilipima shubiri moja na vidole viwili. Kiti cha mezani nyumbani kina shubiri mbili. Kati ya magurudumu ina mita 2.79, pungufu ya Noah, ingawa ukiitazama barabarani utaapa kwamba ni kubwa mara mbili. Na kuingia humo ni kupanda ngazi kwanza, kisha kupenya nyuma ya kiti kilichokunjwa. Prado ni gari zuri mno la watu wanne au watano, na kwa mzee anayekaa mbele sina neno. Swali ni nani katika familia yetu atakayemnyima ami kiti cha mbele.

Sienta nayo niliikagua, kwa kuwa jirani anayo. Milango yake husukumwa, ni ya chini, na safu ya tatu hukunjwa ikazama chini ya ile ya pili, jambo la werevu sana. Lakini ili izame ni lazima iwe nyembamba na fupi. Inafaa kwa kupeleka watoto madrasa. Matatu ya Hiace yenye viti 14 tuliijadili kwa nusu saa, mpaka mume wangu alipouliza ni nani atakayelipa mafuta.

Nilileta vipimo vyangu, nikavisoma sebuleni. Kaka alisikiliza, kisha akasema kwamba kiti hakipimwi kwa utepe, hupimwa kwa kukaliwa. Mama akakubali, akaomba buibui lake. Jumamosi iliyopita tulikwenda yadi mbili upande wa Makupa. Katika Prado alipanda ngazi kwa msaada wa watu wawili, akatazama nyuma, akashuka bila kusema. Katika Noah aliingia peke yake akishika mshikio, akapita ujiani, akaketi safu ya tatu, akaomba mlango ufungwe na sote tusogee mbali. Dalali alidhani amekasirika. Alikaa muda wa kuzungusha tasbihi mara tatu, kisha akabisha kioo.

"Hili nitakwenda nalo," alisema, "ila huku nyuma sikai mimi." Akamwita kaka, mtu wa futi sita na tumbo lake, akamwelekeza ndani. Kaka aliingia. Mama akampa chupa ya maji, akamwambia anywe yote, asitoke mpaka atakapoambiwa.

Gari limekwisha kulipiwa amana. Mume wangu ndiye atakayeshika usukani. Atatangulia nalo Nairobi, na sisi tutamfuata kwa treni ya asubuhi, inshallah, wiki ya pili ya Agosti. Kwa ile barabara ya udongo, jirani mwenye Prado ameahidi kutungoja lami inapokwisha, na mama atakaa mbele. Mkwe wetu amepiga simu kuuliza tulete nini. Kogo ameagiza mkeka wa tatu na halwa zaidi. Foronya ya sufi imekwisha kushonwa upya, kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa kipimo cha kaka.